Sauti Mpya ya Bibi Yake Yunus

Watoto wa mtaani kwetu, hapa Mkunazini, wakimwona Mwanakheir Makungu anarudi sokoni na kapu lake humwamkia, "Shikamoo, Bibi Yunus!" Naye huitikia marahaba, taratibu, kama kwamba ndilo jina alilopewa na wazee wake.

Yunus si mjukuu wake. Yunus ni kijana wa kwenye televisheni, katika mchezo uitwao "Mtoto wa Radi". Hudaka radi kwa mkono kama mtu anavyodaka embe, akawarushia wabaya. Mchezo wenyewe umetengenezwa Uturuki, lakini sisi tunausikia kwa Kiswahili, kwa sababu kuna chumba kule Kikwajuni ambamo watu hukaa mbele ya kipaza sauti wakawasemea wale Waturuki. Yule bibi aliyemlea Yunus, midomo ni ya Mturuki, sauti ni ya Mwanakheir.

Kazi hiyo hakuitafuta. Kazaliwa Kizimbani, baba yake kibarua kwenye shamba la serikali la karafuu na viungo. Akasoma mpaka darasa la saba, akaolewa, akaletwa mjini. Mumewe alipofariki, Mungu amrehemu, alibaki na binti yake Rukaiya na sindano ya kushonea kofia. Watu walimjua kwa mambo mawili: kofia zake za viua, zenye vitundu vya kushonwa kwa mkono, na sauti yake kwenye maulidi ya wanawake. Akianza kusoma, hata wenye watoto wanaolia hunyamaza, na watoto pia.

Lakini siyo maulidini alikosikiwa na bwana mwenye chumba kile cha Kikwajuni, jina lake Wakil. Wakil alikuwa anapita chini ya dirisha lake, na Mwanakheir yuko juu anasemezana na muuza samaki.

"Huyu changu wako kavuliwa lini, bwana? Samaki hafumbi macho, lakini huyu naona kachoka, anataka kuyafumba!"

Wakil akasimama akacheka mpaka muuza samaki akamkasirikia yeye. Kisha akapanda ngazi, akapiga hodi. "Bi mkubwa, mie naitaka sauti hiyo."

"Sauti haiuzwi, kijana. Kanunue changu."

Siku ya pili akarudi na mama yake. Mwanakheir akamuuliza kwanza mwalimu wetu wa darsa, akaambiwa hapana ubaya ikiwa maneno ni ya heshima. Akaenda, na sharti lake mkononi: hatasema neno ambalo angeona haya mwanawe alisikie. Karatasi ikimwandikia "nimekwisha kula", yeye husema "nshakula". Wakil alijaribu kumrekebisha mwanzo mwanzo, akachoka. Watu walimpenda bibi yule kuliko Yunus mwenyewe. Nimeona wanaume wazima barazani, wakimsikia anamfokea mjukuu wake, wanatikisa vichwa na kusema, "Mama yangu huyo, mama yangu mtupu."

Basi msimu wa kwanza ukaisha, na Mwanakheir akaugua.

Lilikuwa rovu. Tulikuwa tukiliona shingoni mwake miaka yote, yeye akilifunika kwa mtandio, lakini likaanza kumbana pumzi akilala. Daktari akamwambia litolewe, na akamwambia wazi kuwa sauti inaweza kubadilika. Alisema, "Pumzi kwanza," akatia saini. Operesheni ikaenda vizuri, alhamdulillahi. Alipozinduka, mimi shoga yake nikiwa pembeni ya kitanda, alinyosha mkono akaniambia kitu, na mimi sikumjua. Naapa sikumjua. Sauti ilitoka kavu, nzito, kama mtu anayeburuta kiti chumbani kwa jirani.

Miezi ikapita, ikapungua ukavu kidogo, lakini ile ya zamani haikurudi. Mwanakheir naye akageuka mtu wa ishara. Muuza samaki akipita humtuma Rukaiya. Akialikwa maulidini huja, hukaa nyuma. Nikamwambia, "Shoga, watu wanakupenda weye, si koo lako." Akatabasamu, akarudi kwenye kofia yake.

Ukaja wakati wa msimu mpya. Wakil hakumficha kitu, na hilo nampa haki yake. Alikuja nyumbani, akanywa kahawa, akasema, "Bi mkubwa, tutarikodi sehemu ya kwanza na sauti yako hii hii. Ikitoka, tutasikiliza watu wanasemaje. Wakikubali, msimu mzima ni wako. Wakikataa, yupo mwanamke mwengine nshaongea naye, na weye ntakuomba radhi."

"Haki yako," Mwanakheir akamwambia. Neno hilo tu.

Alipoondoka, ndipo aliponiambia lililomkaa moyoni. "Wakinikataa wale wasionijua, ntajua kuwa kweli imekwenda. Nyinyi hapa mnanionea huruma tu."

Sehemu ya kwanza ilitoka siku ya Ijumaa, baada ya alasiri. Tulijaa ukumbini kwake: mimi, Rukaiya na simu yake, jirani yetu Borafya ambaye ulimi wake hauna mlango, na watoto wa ghorofa zote wamekaa chini kwenye busati. Borafya alileta bajia, akawatisha watoto kuwa atakayesema kitu kibaya hali. Mwanakheir alichukua kofia aliyokuwa akiishona, akainamisha kichwa.

Muziki ukalia. Yunus akaruka kutoka paa hadi paa, watoto wakapiga kelele. Kisha mlango ukafunguliwa, bibi akaingia na kitambaa kichwani, akasema, "Yunus wee! Hiyo radi iache nje, uingie ule."

Mtoto mmoja akageuka kumtazama Mwanakheir, halafu akaitazama televisheni, halafu tena Mwanakheir. Borafya akamtia bajia mdomoni kabla hajaufungua.

Mimi nilimsikiliza bibi yule kwa masikio ya mgeni, kadiri nilivyoweza. Si uongo, ilishtua. Lakini alivyoendelea, nikajikuta namtazama yeye, siisikilizi tena sauti. Sijui kama ni mapenzi au ni haki. Ndiyo maana hata mimi nilitaka kuwasikia wengine.

Mchezo ulipokwisha tu, simu ya Rukaiya ikaanza kulia. Ule mchezo una kundi lake kwenye simu, watu wa Unguja, Pemba na bara, wanaandika na kutuma sauti.

"Soma," Mwanakheir akasema, bila ya kuinua kichwa.

Rukaiya akasita. "Mama, tungoje kidogo."

"Soma, mwanangu."

"'Bibi kafanywa nini? Sauti kama mlango wa ghala.'" Akameza mate. "Mwengine huyu: 'Wamembadilisha! Huyu siye. Turudishieni bibi yetu.' Na huyu... huyu anacheka tu."

"Anacheka vipi?"

"Kaweka vichwa vinavyocheka, mama. Vingi."

Sindano ikasimama. Borafya akawaka: "Hebu lete hiyo simu! Mwenye ghala huyo nani? Mwulize mlango wa kwao unalia vipi!"

"Muache," Mwanakheir akasema. "Kasema alichosikia. Na mimi ndivyo nisikiavyo."

Hapo nilimwona anaichoma sindano kwenye kofia, kama mtu aliyemaliza kazi. Rukaiya akataka kuizima simu. Ikaingia sauti ya mwanamke. Pepo zilikuwa zinavuma nyuma yake, na anahema kama aliyebeba kitu.

"Assalaam alaykum. Mie niko Uroa, nnatoka pwani sasa hivi, mwani wangu uko kichwani. Nyinyi mnaosema siye, kwani mwisho wa msimu ule hamkuuona? Nyumba ilipowaka moto, aliyeingia ndani kumtoa yule mtoto mchanga ni nani? Si bibi? Yunus alikuwa wapi? Yuko juu anadaka radi! Bibi wa watu kauvuta moshi wote ule, nyinyi mlitaka aje leo anaimba? Mwanangu kamsikia leo, kalia. Kaniambia, mama, bibi kaungua koo. Mpeni pole, msimcheke."

Tukatazamana. Moto ule tuliuona sote, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuukumbuka. Wala Wakil, wala Mwanakheir mwenyewe aliyemsemea bibi yule akikohoa ndani ya moshi.

Baada ya hapo simu haikupumzika. "Pole bibi." "Kumbe! Nshafahamu sasa." "Yule wa ghala amuombe bibi msamaha." "Mimi ni fundi seremala, nasema mlango wa ghala ndio mlango madhubuti." Mmoja wa Chake Chake akasema anywe asali na tangawizi. Mwengine akamjibu kuwa asali bila ya habasoda ni kazi bure, wakaanza kugombana wao kwa wao. Kijana mmoja akaandika, "Sasa namuamini zaidi kuliko zamani. Kwetu bibi yetu ana sauti hiyo hiyo." Na yule aliyesema turudishieni bibi yetu akaandika tena, "Basi msimuondoe. Nilikuwa sijui kama kaumia."

Watoto nao wakafunguka midomo, wote kwa pamoja, kuwa wao walijua tangu mwanzo. Borafya akawaambia, "Waongo wakubwa nyinyi," akawagawia bajia.

Mwanakheir peke yake hakucheka. "Lakini mie sikuungua," akasema. "Nimepasuliwa rovu. Tusije tukawadanganya watu."

"Umeumwa, hukuumwa?" nikamuuliza.

"Nimeumwa."

"Basi wamekupa pole. Ipokee, usiwarudishie."

Akaniangalia, na taratibu uso wake ukaanza kulegea, kama kitambaa kilichokakamaa kwa wanga kinapotiwa majini. Wakati huo huo simu ya Rukaiya ikalia, ni Wakil. Rukaiya akafungua mdomo kujibu, kama alivyozoea kumjibia mama yake. Mwanakheir akanyosha mkono akaichukua.

"Naam."

"Bi mkubwa! Umewaona? Ndivyo tulivyopanga!"

"Muongo weye. Mlipanga wewe na nani?"

Tulimsikia Wakil anacheka mpaka anakohoa. "Haya, basi tumepangiwa. Jumatatu asubuhi uje. Yule mwengine nshampigia, nimemuomba radhi yeye. Na mfasiri anasema akuongezee kikohozi kidogo, kinoge."

"Mwambie asiongeze kitu. Hichi nilichonacho chatosha."

Akairudisha simu, akasema alhamdulillahi, akarudia, na mara ya tatu machozi yakamtoka. Rukaiya akamkumbatia. Borafya, ambaye sijapata kumwona akilia hata kwenye misiba ya kwao, alikwenda jikoni akatoka na macho mekundu, akasema ni moshi. Tukamcheka sote.

Muda si muda, adhana ya magharibi ikaanza msikiti wa nyuma, ikajibiwa na wa mbele. Watoto wakateremka ngazi mbio. Sisi wanawake tukatawadha kwa zamu, tukatandika misala pale pale ukumbini. Ikawa kila mmoja anamsukuma mwenzake atangulie kusalisha.

"Mie nna mafua," Borafya akasema.

"Ya moshi?" Mwanakheir akamuuliza, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza, tangu atoke hospitali, kumsikia akimtania mtu.

Kisha hakungoja tena kusukumwa. Akaingia katikati ya safu, akafunga kanga yake vizuri, akatazama kulia na kushoto kama tumenyooka. Akakimu, akatia takbira. Halafu akaisoma Fatiha kwa sauti, yote, kwa ukavu wake na uzito wake. Kila herufi ya Kiarabu ikatoka pale inapotakiwa kutoka. Mahali pamoja pumzi ilimkatikia, akasubiri, akaendelea. Hakuharakisha, wala hakuishusha sauti kuificha.

Alipofika mwisho tukasema amin.