Kompaila Aliyoiacha Mwita

Mwanangu, nakumbuka mchana mmoja hapa kijijini Turwa, rafiki yangu Mwita hata mwezi hajamaliza kaburini. Mimi na yeye hatukufundishwa na mtu kuandika programu, tulijifunzia kwenye simu, mpaka Mwita akatengeneza kompaila, yaani programu inayosoma maagizo uliyoandika, kuyageuza yaeleweke na mashine, na kukuambia umekosea wapi. Ya Kiswahili kabisa. Pikipiki ikamuua kabla hajaimaliza.

Mchana huo dada yake, Bhoke, alikuwa anaitumia kuandika hesabu ya maziwa ya nyumbani. Ikamwambia: "Mstari wa arobaini. Aina hazilingani." Akaubadilisha mstari, ikakataa. Akaubadilisha tena, ikakataa. Akaweka mikono usoni.

"Kaka kaniachia kitu cha watu wenye akili. Mimi basi."

"Kosa liko juu huko, we huoni?" nikamwambia.

"Mbona haijasema juu? Si ubadilishe hayo maneno."

Nikawaka. Nikamwambia maneno ya Mwita hayaguswi na mtu mimi nikiwa hai.

Baba yao, Tata Marwa, alikuwa mlangoni anasuka kamba. Ujana wake wote alifuata nyayo za ng'ombe walioibwa. Hakupandisha sauti.

"Wewe mura, kijana wangu, nyayo zikiingia kijiji cha watu, unawapiga?"

"Hapana, Tata. Unawaonyesha zilikotokea, mnafuata pamoja."

"Sasa hiyo mashine imemkamata binti yangu pale nyayo zilipoishia, ikanyamaza. Mwita hakuwa hivyo, alikuwa hajamaliza tu. Unalinda nini, mwanangu au kosa lake?"

Nililia mbele yao, halafu nikakaa nikaandika upya namna inavyotaja kosa. Bhoke akajaribu, ikamwambia: "Mstari wa arobaini unajumlisha namba, lakini lita ni maneno. Uliandika 'sita' kwa herufi, mstari wa tatu." Akapanda mwenyewe mpaka wa tatu, akarekebisha, akaendelea na kazi. Mimi nilikuwa nimefuta sentensi ya rafiki yangu, na mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo mwanangu, ukiandika kitu cha kutumiwa na wengine, usimwambie mtu amekosea ukaishia hapo. Mwambie ulitegemea nini, umekuta nini, na kimeanzia wapi. Na mtu wako akiondoka, maliza alichoacha, usikifungie. Mungu akupe subira ambayo mimi sina, na rafiki zako wazeeke pamoja na wewe.