Picha Mbili, Alama Moja

Kahambu alifika Kampala kutoka Butembo na mama yake na begi moja. Yeye na mdogo wake, Anselme, walipotezana njiani, siku risasi zilipolia sokoni na kila mtu akakimbilia upande wake. Kahambu alisomea kompyuta huku akifua nguo za watu mtaani Kisugu. Alipohitimu aliomba kazi palepale alipozoea kwenda kuuliza habari za Anselme: shirika dogo karibu na Nsambya linalowaunganisha wakimbizi waliopotezana.

Shirika lilitegemea picha kuliko majina, maana majina huandikwa vibaya kambini, na wengine huyabadilisha kwa hofu. Mtu alipigwa picha kwa simu, kisha programu ikaisaga picha nzima na kutoa alama fupi ya herufi na tarakimu. Hapakuwa na ufunguo wala nenosiri: picha ileile, yeyote aisage popote, hutoa alama ileile. Alama ikishakuwapo kwenye seva, simu ilihesabu kuwa picha ilishafika, ikaandika "Imepokelewa", na picha haikutumwa tena. Bando likaokolewa.

Mkuu wake, Mkenya aitwaye Oketch, ndiye aliyechagua alama hiyo. Mwaka huu wafadhili wakataka ipimwe kasi na usalama, naye akamkabidhi Kahambu kazi.

"Kasi yake tunaijua," alisema. "Kwenye usalama, andika tu kwamba hakuna mwenye haja ya kutudukua."

"Haihitaji mdukuzi, bwana Oketch. Alama ni fupi, picha ni nyingi, zinaweza kugongana zenyewe. Darasa likijaa, si ajabu ukapata wanafunzi wawili waliozaliwa siku moja."

"Basi pima tuone."

Kahambu akaagiza kadi za kumbukumbu za simu za kambini, akazisaga upya picha zote, safari hii kwa alama ndefu. Alitegemea kutokuta kitu. Programu ikaleta jozi kadhaa: picha mbili tofauti kabisa, alama fupi moja.

Akafungua jozi ya kwanza. Kushoto, bibi mwenye kitambaa cha kijani kichwani. Kulia, Anselme.

Oketch alimkuta amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake.

"Huyu nani?"

"Mdogo wangu. Simu ilimwambia imepokelewa. Haikutumwa! Ilikuta alama ya huyu bibi, ikaiacha picha yake."

Oketch aliitazama skrini, akaketi sakafuni na tai yake.

Mpiga picha wa kambini alimkumbuka kijana huyo. Anselme alikuwa ameshaondoka kambini, lakini namba yake ya simu ilikuwapo. Kahambu akapiga.

"Ni mimi, Kahambu."

"Kahambu gani?"

"Dada yako."

"Uko wapi?"

"Kampala. Kisugu."

"Kisugu?" Sauti ilipasuka. "Mimi niko Luzira, hapahapa Kampala! Napakia magunia bandarini Port Bell, mwaka wa pili huu!"

Walikutana mchana uleule nje ya ghala. Kahambu alikimbia kumkumbatia, lakini Anselme alirudi nyuma hatua moja.

"Waliniambia picha imepokelewa," alisema. "Nikajua mmeiona, mkanyamaza."

"Hatukuiona, Anselme. Naapa kwa Mungu."

"Mama yuko wapi?"

Kahambu alikuwa amejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Mama alifia hospitalini baada ya Pasaka iliyopita, akimuulizia mwanawe hadi ulimi ulipokuwa mzito. Alipomwambia, Anselme aliegemea ukuta wa ghala, akateleza taratibu hadi chini. Wapakizi wenzake wakaweka magunia chini, wakasimama.

Wiki iliyofuata Oketch alikwenda mwenyewe kwa Kahambu, Kisugu, kumwomba Anselme radhi. Anselme alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hiyo alama ndefu, inachelewesha sana?"

"Kidogo. Hata kupepesa jicho kunachukua muda zaidi."

"Basi ibadilisheni."

Alama ilibadilishwa. Jozi zilizobaki Oketch alizishughulikia mwenyewe, akizipigia simu familia moja baada ya nyingine. Baadhi walilia kwa furaha. Namba nyingine hazikuwa zikipatikana tena.