Jino la Mama

Juzi, sokoni Mbinga, mnunuzi aling'ata punje ya kahawa, ikalia ka! Kahawa iliyokauka vizuri hulia hivyo. Nikamkumbuka mama.

Mchana mmoja, nikiwa mtoto, mvua ilipiga bati, na chumba chetu kilinuka magunia mabichi ya kahawa. Tangu kiangazi baba alikuwa amewakataa wanunuzi binafsi, akisubiri lori la ushirika, nalo halikuja. Mama alichomoa punje kwenye gunia la chini, akaing'ata. Haikulia. Akashika shavu, machozi yakamtoka.

"Jino, mama?"

"Ndiyo, mwanangu."

Nikakimbia kumletea maji ya chumvi. Sikujua kahawa yote imeoza, na ada ya shule ya dada imeozea humo humo. Mama aliyapokea kwa mikono miwili, akasukutua, akatema, akaniambia limepoa.