Umande wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu akinisalimia shikamoo, namwitikia polepole ili niifaidi. Ndiyo heshima pekee ambayo hawezi kuninyang'anya, maana huko kwetu karibu na Mkata nyingine zote ameshazichukua. Zamani mgeni akiulizia kwa mama, alielekezwa kwenye nyumba ya yule binti aliyesoma. Aliyesoma ni mimi. Siku hizi anaelekezwa kwa dada wa trekta.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, Korogwe. Katika kitongoji chetu nilikuwa msichana wa kwanza kwenda kusoma bweni, hapahapa Korogwe, na sanduku langu la bati lilisindikizwa na watu mpaka barabarani. Mdogo wangu aliishia la saba. Akalima na mama, akaingia kikundi cha akina mama, kikundi kikapata trekta, na madereva wanaume walipozidi usumbufu, akapanda yeye. Sasa analimia watu kuanzia Mkata mpaka karibu na Handeni mjini, na wanaume wazima wanampigia simu kwa adabu wakimwomba awaweke kwenye zamu. Mwaka huu wafadhili wa kikundi wamempa ngao ya kioo. Imeandikwa jina lake kwa herufi za rangi ya dhahabu, na chini yake neno moja la Kiingereza: pioneer.

Wivu ulinishika hapo kwenye neno. Neno hilo nalifundisha mimi. Kila mwaka naliandika ubaoni, nawatamkisha wanafunzi, paionia, halafu nawaeleza kwamba si kila wa kwanza ni paionia. Wa kwanza kumaliza ugali si paionia. Lazima apite mahali ambapo hapajapitwa, na lazima wengine wafuate nyuma yake. Naeleza vizuri kweli, na muda wote ninapoeleza najifikiria mwenyewe. Nilikuwa nikingoja siku mwanafunzi mmoja atunge sentensi anitaje. Kumbe neno lilikuwa na safari yake. Likanipita Korogwe bila kusimama, likaenda kushukia Mkata, kwa mtu asiyeweza hata kulitamka.

Mama akaandaa dua ya shukrani, nami nikaenda. Nilivaa gauni langu zuri kuliko yote, refu mpaka kwenye vifundo, watu wasije wakasahau mkubwa ni nani. Baada ya dua na pilau, ngao ikaanza kuzungushwa uani mkono kwa mkono. Watu walijifuta mafuta ya pilau kwanza ndipo wakaishika. Ilipomfikia mjomba, aliigeuzageuza, kisha akaniletea.

"Mwalimu yupo, tunahangaika nini," akasema. "Mwanangu, tusomee. Mwenzio ameitwa nani hapa?"

Mama alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, akiutazama mdomo wangu. Nilijua nitakachosema ndicho atakachokiamini maisha yake yote, kwa sababu Kiingereza hakijui na elimu yangu haitilii shaka. Nikaanza kuyapima maneno. Mwasisi nililikataa papo hapo. Hilo ni la watu walioanzisha nchi. Mwanzilishi nikamnyima vilevile, trekta ni la kikundi. Ningeweza kusema mtu wa kwanza, basi, nikairudisha ngao, na neno lingesinyaa mbele ya watu wote. Roho yangu ilipenda hivyo. Lakini tamaa ikanizidi. Niliona naweza kulichukua neno langu palepale, mbele ya mama, bila kugombana na mtu.

"Mnajua kwenda shamba alfajiri wakati wa masika," nikasema. "Majani yamefunga njia, umande umejaa. Anayetangulia ndiye anayeukung'uta kwa miguu yake. Analowa mpaka mapajani, anakwaruzwa, anakanyaga asichokiona. Wa nyuma wanafika wakavu. Sasa huyo anayetangulia ndiye Wazungu wanamwita paionia."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Mjomba akalirudia neno mara mbili chini chini. Hakuna kamusi iliyowahi kulieleza namna ile. Nikamgeukia mama nikisubiri akumbuke, maana aliyekuwa akitangulia kwenye njia ile ni mimi. Mbele mimi, katikati mama, ambaye miguu yake hufa ganzi ikipata maji ya baridi, na nyuma kabisa huyu wa ngao, mkavu, akilia njaa.

Mama akaitikia kwa kichwa. "Umelieleza sawasawa," akasema. "Ni yeye kabisa."

"Mama," nikasema, "aliyekuwa anatangulia si mimi?"

"Ulitangulia, mwanangu. Halafu ukaenda Korogwe kusoma." Akajifunika kanga vizuri miguuni. "Umande ulibaki. Huyu alikuwa mdogo, majani yanamfika kifuani, na ndiye aliyenitangulia mpaka akawa mtu mzima. Wewe ukija likizo unakuta njia imeshafunguka."

Hakusema kwa ubaya. Mdogo wangu aliinama akichezea ncha ya mtandio wake. "Dada ndiye aliyenifundisha kuyapiga majani kwa fimbo kwanza," akasema. Alikuwa ananimegea kidogo, kama mwenye nyumba anavyommegea mgeni kipande cha nyama. Nilimchukia kwa wema ule kuliko ningemchukia kwa majivuno.

Asubuhi mama alitaka nichukue mahindi mabichi ya kurudi nayo Korogwe. Tukatoka watatu, mimi na gauni langu lilelile la jana. Umande ulikuwa umelala kweli, kila jani la pembeni mwa nyumba linang'aa. Tulipofika inapoanzia njia ya shamba nilivua viatu, nikawapita wote wawili, nikakaa mbele.

"Dada, utaharibu gauni," mdogo wangu akasema.

Sikulikunja. Nilitaka lilowe. Nilitaka nifike shambani maji yananichuruzika, nilikamue mbele ya mama, aone kwa macho yake nani ni nani. Nilikwenda haraka, macho yangu yakiwa kwenye mahindi kule mwisho, hasira ikinisukuma, na nyuma yangu nikawasikia wanacheka jambo lao. Nilifika wa kwanza. Nikainama, nikashika pindo la gauni kwa mikono miwili, nikalikamua.

Halikutoa hata tone. Lilikuwa kavu.

Ndipo nikageuka kuitazama njia niliyopita. Ile niliyoijua mimi ilikuwa ya mtu mmoja, majani yakikugusa mabega pande zote. Hii ilikuwa na mikondo miwili ya matairi, udongo mtupu, na majani yamelazwa mbali huku na huku. Trekta lilikuwa limepita hapo misimu kadhaa. Mama alikuwa anakuja katikati ya njia, kanga yake kavu, ameshikana mkono na mdogo wangu, wanatembea sambamba.