Koki ya Pili

Mimi ndiye yule daktari wa ng'ombe aliyesukuma pikipiki saa tatu nzima mpaka Mbumbuni. Kanisani walinipigia makofi. Leo wacha niseme ukweli, kwa sababu nimechoka kuubeba.

Ilikuwa 1978. Pikipiki yangu ya three-fifty ilikuwa imezeeka, ofisi ikanipa ileile lakini toleo jipya. Breki kali, taa kali, unabonyeza kidude tu inawaka. Raha!

Kisilu, karani wa stoo, akaniambia, "Daktari, ngoja nikuonyeshe vitu wamebadilisha."

"Wewe hata baiskeli huna. Utanionyesha nini?"

Nikaenda zangu.

Wiki hiyohiyo nikaitwa kwa Syokau, mjane wa Mbumbuni. Ng'ombe wake mmoja tu, aliyelisha nyumba nzima, alikuwa ameshindwa kuzaa.

Nikapita soko la Tawa mbio. Mbele kidogo pikipiki ikakohoa, ikazima.

Sikuhofu. Ile ya zamani ilikuwa na koki mbili chini ya tangi: moja ya kila siku, ya pili ya petroli ya akiba. Nikapapasa upande wa pili.

Hakuna kitu.

"Aiya! Wametoa akiba!"

Nikatingisha tangi, nikasikia petroli chini kabisa. Nikaona ni mabaki tu. Na mali ya serikali huachi njiani, kwa hivyo nikasukuma. Jua, vumbi, mlima. Nilichoka mpaka nikatamani kulia.

Nilipofika, ndama alikuwa amefia tumboni. Nikamtoa kwa kamba. Ng'ombe naye hakuinuka tena.

Syokau akatazama viatu vyangu vilivyopasuka. "Ndakitali, umesukuma hii chuma yote kwa sababu yangu?"

"Petroli iliisha, mwaitu," nikamjibu kama ninavyomjibu mama yangu.

Akaniletea maji ya kunawa.

Nikatuma ujumbe ofisini, na kesho yake Kisilu akaja na mtungi wa petroli. Hakutia hata tone. Aliinama, akazungusha ile koki moja mpaka upande wa pili, akabonyeza kidude. Ikanguruma.

"Siku hizi akiba iko hapa hapa," akasema. "Ndiyo nilitaka kukuonyesha."

Nilimwomba asimwambie mtu.

Jumapili Syokau alisimama kanisani akatoa ushuhuda juu yangu. Niliinamisha kichwa kwa aibu. Watu wakadhani ni unyenyekevu.

Jameni, ukipewa kitu kipya, hata kama cha zamani ulikijua vipi, tulia uonyeshwe. Kuonekana mjinga dakika moja si kitu.

Syokau bado yuko hai. Kila Desemba hunitumia kuku, na mimi humla.