Kamba Mbili za Harusi

Kazi yangu ni kukata na kuunga video za harusi, pale Tabata, kwenye chumba kilichopakana na saluni, na naomba niseme mapema kwamba kazi hii naijua. Mteja wa harusi nimemsoma mpaka ndani. Anataka video ianzie saluni, yafuate magari, ifuate ndoa, ukumbi, keki, zawadi, foleni ya chakula, na kila shangazi aliyecheza aonekane akicheza, la sivyo simu yangu haitulii wiki nzima. Ukiruka kitu unaitwa mwizi. Ukigeuza kitu unaitwa kichaa. Nimepanga harusi za watu hivyohivyo miaka nenda miaka rudi, na nilikuwa nimechoka mpaka basi.

Kwa hiyo mdogo wangu alipoolewa nikasema hii ni yangu, hii simpigii mtu magoti. Nilikuwa nikipenda zile filamu zinazoanzia mwishoni, unamkuta mtu analia, halafu ndio unarudishwa taratibu kumjua aliyemliza. Unakaa pale unajiuliza, hivi hili limetokea kabla au baada? Mie raha yangu ni hiyo ya kutafuta.

Ila harusi yetu ilikuwa na pengo, na pengo lenyewe lilikuwa Baba. Wiki ileile ya ndoa kidole tumbo kilimshika, akapasuliwa haraka. Tulitaka kuahirisha, akatukatalia akiwa kitandani: kadi zimeshatoka, ndugu wameshapanda mabasi kutoka Moshi, nani atawarudisha? Basi akasimama baba mkubwa, kaka yake. Sasa kwetu, asubuhi ya ndoa, kabla magari hayajaondoka, baba humshika binti mkono ndani ya nyumba, humwombea, humvusha kizingiti na kumkabidhi kwa watu wa bwana harusi waliokuja kumchukua. Hapo ndipo binti anapotoka kwao. Ya kanisani ni ya mchungaji. Baba mkubwa aliifanya shughuli hiyo haraka haraka kwa sababu dereva alikuwa anapiga honi, akasema amina, gari likaondoka. Mie na kamera tulikuwa Boko, kwa bwana harusi, hivyo hata picha haipo.

Baba aliporudi kutoka hospitali hakulaumu mtu. Aliuliza tu nani alipokea ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa ambaye wazazi hupewa ukumbini, na ulimi wake huwa wa baba. Tukamwambia ni kaka yake.

"Na ulimi kala yeye?"

"Kala yeye."

Lakini jioni moja nilimsikia anamwambia Mama barazani, "Mie mtoto wangu sijamtoa. Katoka humu ndani kama mgeni aliyelala tu." Na muda wa kulitengeneza hilo ulikuwa unayoyoma, maana shemeji alikuwa amepata uhamisho wa kwenda Songea. Jumamosi ile wangepitia nyumbani, tuiangalie video pamoja, wale, waage, waondoke.

Jumamosi ikafika. Sebule ikajaa. Baba akakaa kochi la mbele, amekumbatia mto tumboni kwa sababu akicheka mshono unamvuta. Nikachomeka flashi kwenye televisheni kwa majivuno. Picha ya kwanza: mdogo wangu, viatu mkononi, anacheza na mama mkwe wake sherehe imeshakwisha, watu wanakunja viti. Ya pili: shangazi yetu anakata mauno mbele ya meza kuu. Ya tatu: mdogo wangu yuko saluni, kichwa ndani ya mashine ya kukaushia nywele.

"Imeruka," shangazi akasema. "Rudisha."

"Haijaruka, shangazi. Nimeipanga hivyo."

"Mtoto kavua viatu kabla hajavivaa, halafu unaniambia haijaruka? Hiyo flashi ina virusi." Akamgeukia shemeji. "Baba, wewe msomi, hebu itoe uipulize."

Na shemeji, kwa kuwa hakuna mkwe mpya anayembishia shangazi, akaichomoa flashi, akaipuliza, akaifuta kwenye shati lake, akairudisha. Video ikaanza upya na viatu vilevile mkononi. Sebule nzima ikaanguka kicheko. Mama akasema labda tumwite fundi. Mdogo wangu alikuwa amejikunja sakafuni, machozi yanamtoka kwa kucheka, na mie nikawa nimenuna kwelikweli, maana nilikesha na ile kazi.

Baba ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

"Mwanangu," akaniambia, "hawa wote walikuwepo. Hata ukiwachanganyia watapanga wenyewe vichwani. Mie nilikuwa nimelala hospitali. Nipange na nini?"

Hilo liliniuma. Katika ujanja wangu wote nilikuwa sijamfikiria mtazamaji mmoja aliyekuwa na haja ya kuiona ile harusi kuliko wote.

Lakini sikukubali kuikata upya. Mie ni mbishi, nilizaliwa hivyo. Picha za albamu nilikuwa nimezisafisha seti mbili, moja yetu na moja ya wakwe wa Boko. Nikazichukua zote, nikamwambia Baba twende uani. Uani kwetu kuna kamba mbili za kuanikia nguo, moja juu ya nyingine. Nikaanua mashuka ya Mama, nikabana seti ya kwanza kwenye kamba ya juu kama mambo yalivyotokea: saluni, magari, kanisa, ukumbi, keki, mpaka viatu mkononi. Kamba ya chini nikabana seti ya pili kama video inavyosimulia, viatu vikiwa mwanzo. Kisha nikamwomba Mama uzi wake wa kufumia vitambaa vya makochi, niunganishe kila picha ya juu na pacha wake wa chini.

Nilishika uzi mwekundu. Mama akaninyang'anya palepale.

"Uzi mwekundu na picha ya mtu, uani kwangu? Unataka tuhamishwe mtaa?" Akanipa wa kijani.

Hata huo wa kijani haukutosha. Jirani yetu, mama wa Kizaramo ambaye haimpiti habari, alichungulia juu ya ukuta, akaangalia zile picha na nyuzi kwa muda mrefu.

"Jirani, kwema? Mbona bi harusi mmemwanika?"

"Kwema, jirani," Mama akajibu bila hata kugeuka. "Alioga, tunamkausha."

Baba alikuwa anapita polepole kando ya kamba, mkono mmoja tumboni. Alifundisha historia mpaka alipostaafu, na kitu kikishawekwa mbele yake kwa mpangilio hakimpigi chenga.

"Kwa hiyo uzi ukishuka wima, hujakigusa kitu."

"Ndiyo, Baba."

"Ukienda mshazari, umekivuta mbele au umekirudisha nyuma. Na ukiwa mrefu, umekitoa mbali." Akatikisa kichwa, anatabasamu. "Nimewakata maksi watoto wengi kwa kosa hilihili."

Shangazi naye akajisogeza, akaitafuta picha yake ya mauno. Kwenye kamba ya juu ilikuwa kule karibu na mwisho. Akaufuata uzi kwa kidole, ukavuka nyuzi nyingine zote, ukamfikisha kwenye kamba ya chini karibu na mwanzo, nafasi ya pili. "Kumbe mie nimetangulia hata mchungaji," akasema, na tangu dakika hiyo video yangu ikawa haina kasoro, na aliyetia neno alijibiwa na yeye.

Tulicheka sana uani pale. Watu wakawa wanajitafuta kwenye kamba, wanabishana nani yuko mbele ya nani, shemeji ananiuliza kwa nini yeye uzi wake mfupi. Baba hakubishana na mtu. Alikuwa ameirudia kamba ya juu peke yake, akasimama kati ya picha ya saluni na picha ya magari, pale nilipoacha uwazi.

"Hapa pana nini?"

"Hapo ndipo baba mkubwa alipomtoa. Sina picha yake."

Akaushika ule uwazi wa kamba kwa vidole viwili.

"La mwisho unaweza kuliweka mwanzo?"

"Naweza."

"Hata likiwa limetokea leo?"

Nilimwelewa kabla hajamaliza, na furaha ikanipanda. Nikakimbilia kamera.

Shela lilikuwa la kukodi, lilisharudishwa zamani. Mdogo wangu alikuwa na gauni la kitenge la safari na kandambili, na shangazi akamfunika kichwani kanga mpya, akamwingiza chumba chao cha utotoni. Baba akaenda kuvaa ile suti aliyoshonewa kwa ajili ya siku yenyewe. Ilikuwa imempwaya mabegani, maana hospitali ilimpunguza, na Mama akamkunjia mkanda kwa nyuma. Nikasimama koridoni na kamera yangu. Mtaani gari la shemeji lilikuwa tayari limefungwa godoro juu.

Baba akaingia chumbani. Akaweka mkono juu ya kanga, akaomba kwa Kichaga, polepole, bila dereva wa kumpigia honi. Mdogo wangu, ambaye harusi nzima alicheka tu na mie nina saa za video kuthibitisha, akalia. Alilia mpaka mabega yakatikisika, na Baba akamngoja. Kisha akamshika mkono wakaja koridoni, wakapita mbele yangu, wakafika mlangoni. Shemeji alikuwa amesimama nje ya kizingiti, amejipanga wima kuliko alivyosimama kanisani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaka yangu alishamkabidhi kwa watu wako, na ninamshukuru. Ila huyu nimemzaa mie."

Akamvusha kizingiti. Akauweka mkono wa mdogo wangu ndani ya mkono wa shemeji, akaifunika mikono yote miwili na wake, akakaa hivyo kitambo.

"Haya. Sasa umetoka kwangu, mama. Nenda."

Halafu Baba akageuka kunitafuta, uso umelowa, anatabasamu.

"Umechukua?"

"Nimechukua, Baba."

"Basi kaiweke mahali pake."

Nikaiweka kabla ya kanisa.