Nilifuta Sauti ya Mke Wangu, Nikanyamaza Mbele ya Daktari

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Sikulewa, sikudanganywa na marafiki, wala shetani hakunipitia. Nilikuwa na akili zangu timamu, nimekaa kwenye kiti changu, hedfoni masikioni. Jina langu silitaji kwa ajili ya mke wangu, ambaye amebeba vya kutosha.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Ipogolo, Iringa. Wenzangu wanakusanya jezi za mpira, mimi nakusanya muziki. Na si muziki mnaoufikiria, hapana! Ni ule wa okestra, wa fidla na piano, tena si wa marehemu wa karne zilizopita. Ni wa watunzi walio hai, wanaoshinda tuzo huko Ulaya na Amerika. Mgeni mmoja aliyewahi kufundisha shuleni kwetu aliniachia boksi la CD alipokuwa anaondoka, na tangu hapo nikawa mgonjwa. Washindi wakitangazwa tu, mimi niko mtandaoni natafuta rekodi. Nina kabati zima. Nina diski za kompyuta. Na nilikuwa na sheria niliyojivunia mno: kisichoshinda tuzo hakikai kwangu.

Mke wangu alikuwa ananitania. "Baba Neema, hao watu wako wanapiga muziki au wanahamisha vyombo?"

Nilikuwa nacheka kwa dharau. Moyoni nasema, huyu ni mtu wa kwaya ya usharika, atajua nini? Mungu anisamehe.

Maana yule mwanamke alikuwa na sauti, jamani! Kwenye mashindano ya kwaya za sharika, mwalimu wao alimpa aanze wimbo peke yake, bila kinanda, halafu wenzake ndio waingie. Akaja kwangu kwa aibu. "Wewe una kile kinasa sauti chako kizuri. Uturekodi, lakini usiniwekee nisikie. Mimi nitajisikiliza nikizeeka."

Nikarekodi. Kwaya yao haikushika nafasi yoyote ya maana. Jioni nikakaa chumbani kwangu kusikiliza kwa masikio yangu ya kijuaji. Nikasikia mtu anakohoa, mtoto analia, benchi linalalamika. Nikasikia pale kwenye noti za juu sauti ya mke wangu imeshuka kidogo. Na diski ilikuwa imejaa, na kuna rekodi mpya ya washindi nilikuwa naisubiri iingie.

Nikafuta. Sikusita hata!

"Imetoka vizuri?" akaniuliza mezani.

"Imetoka. Ipo humo," nikamjibu, naendelea kula.

Baadaye shingo yake ikaanza kuvimba. Goita. Huku kwetu nyanda za juu si jambo geni, tukalichukulia hivyohivyo mpaka akawa hawezi kumeza vizuri. Tukapewa rufaa kwenda hospitali Mbeya, tukasafiri na mtoto wetu Neema, ambaye alikuwa bado ananyonya.

Daktari alikuwa mtu mpole. Akatuchorea kwenye karatasi, akasema uvimbe umekaa vibaya, umekumbatia mshipa wa fahamu unaoongoza sauti. Akasema watajitahidi, lakini sauti inaweza kubadilika, au isirudi kabisa, na ni haki yetu kulijua hilo mapema.

Mke wangu akatabasamu, akanishika goti.

"Si kitu, daktari. Mume wangu anayo sauti yangu nyumbani."

Nikanyamaza. Ndugu zangu, nilinyamaza! Daktari akanitazama, akaitikia kwa kichwa kwa furaha, akasema, "Hongera baba, umefanya jambo la maana."

Nilichotakiwa kusema ni maneno machache tu, mama Neema niliifuta, basi. Lakini niliona aibu mbele ya daktari. Nikajiambia nitamwambia nje. Nje nikajiambia nitamwambia kwa mama yake.

Maana tulikuwa na muda bado. Kabla ya siku ya upasuaji tulikwenda Ubaruku kwa mama mkwe; watu wa kwao ni Wasukuma waliohamia huko Usangu zamani kwa ajili ya ng'ombe na sasa wanalima mpunga. Asubuhi mke wangu alikaa uani na mama yake wanapepeta mchele wa kwenda nao hospitali. Akaanza kuimba. Wimbo uleule! Anapepeta, anaimba, pumba zinaruka, Neema anacheka mgongoni kwa bibi yake.

Na mimi nimekaa pale pale, simu iko mkononi, nasoma habari za washindi wapya wa tuzo.

Niliacha kusoma. Nikafungua sehemu ya kurekodi. Kidole kikabaki juu. Nikawaza, akiniona atauliza, "Si unao tayari?" Nitamjibu nini mbele ya mama yake? Nikaizima simu, nikaiweka mfukoni. Akamaliza wimbo wote. Nikaenda kujisaidia ili nisikae pale.

Upasuaji ulikwenda salama. Uvimbe ulitoka wote, namshukuru Mungu na wale madaktari. Sauti haikurudi. Tulisubiri miezi waliyotuambia tusubiri, na mingine zaidi. Kilichobaki ni kukwaruza, mnong'ono wa mtu aliyekabwa. Neema akienda mbali, mama yake anampigia makofi. Mtoto amezoea. Anajua makofi mawili ni "njoo".

Siku moja akaniambia, "Sitasubiri uzee. Niwekee ule wimbo, Neema asikie mama yake alivyokuwa."

Nikamdanganya tena! Nikasema diski imeleta matatizo, nimeipeleka kwa fundi mjini. Nikaanza kuhangaika. Nikampigia mwalimu wa kwaya, hana. Nikawapigia wanakwaya mmoja baada ya mwingine. Nikaambiwa kuna dada mmoja wa sauti ya pili, sasa anauza nyanya pale Ilula barabarani, alirekodi kwa simu.

Nikaenda Ilula. Nikamkuta anapanga nyanya kwenye ndoo.

"Kamwene, baba Neema! Mama hajambo? Sauti je?"

Nikamweleza ninachotafuta, sikumweleza kwa nini. Akafuta mikono kwenye kanga, akatafuta kwenye simu yake mpaka akaipata. Tukainama wote wawili juu ya kile kioo kilichopasuka.

Mke wangu yuko pale mbele, na joho lake, mdomo umefunguka, macho ameyafumba. Na watu wote kanisani wanapiga vigelegele. Vigelegele tu, mwanzo mpaka mwisho wa kile kipande! Walimfurahia mno, ndiyo maana hasikiki.

"Ee baba, tulipagawa siku ile," yule dada akasema. "Mwenzetu alikuwa anaimba, we! Lakini si wewe ulirekodi na ile mashine yako? Yako ndiyo itakuwa safi."

Nilirudi nyumbani na nyanya za zawadi na kile kipande kwenye simu. Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Akaniuliza, "Fundi kasemaje?"

Nikashindwa. Nikakaa chini sakafuni, nikamwambia kwamba hakuna fundi, hakuna diski mbovu, rekodi niliifuta mwenyewe kwa sababu kwaya yenu haikushinda.

Hakulia. Akakaa na gauni la Neema mikononi.

"Ulifuta lini?"

"Wiki ileile ya mashindano."

Akafikiri. Nilimwona anahesabu safari yetu nzima kichwani.

"Kwa hiyo kule kwa daktari ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na kwa mama. Nilipokuwa napepeta."

Nikaitikia kwa kichwa. Akaniambia kwa ule mnong'ono wake, na ilibidi nisogee nimsikie: "Ungeniambia tu, baba Neema. Ningekuimbia tena palepale."

Basi. Hajawahi kunitukana. Ananipikia, ananiamkia vizuri, Jumapili tunakwenda kanisani pamoja. Bado anakaa na kwaya, anafungua mdomo na wenzake. Mimi nimefunga kile chumba cha rekodi. Nikijaribu kusikiliza rekodi zangu, zote safi, hakuna anayekohoa, navua hedfoni kabla kipande hakijaisha.

Ndugu yangu unayesoma, kama una mtu anaimba huko jikoni sasa hivi, mrekodi. Mrekodi na kikohozi chake, na sufuria zinazogongana, na pale anapokosea.

Na kama kuna kitu chake ulishakiharibu naye anaamini unacho, inuka ukamwambie leo. Atakasirika, mwache akasirike. Mwambie wakati bado ana uwezo wa kukufokea.